Makazi ya ujirani ni nini?

Ukitaja apatimenti hapa Mbeya, mtu anawaza geti, kamera, maegesho na jirani asiyejulikana jina. Makazi ya ujirani ni jengo la ghorofa lililopangwa kwa wazo jingine. Kila kaya ina nyumba yake kamili, yenye jiko, choo na mlango wa kufunga. Ila vile vinavyotumika mara mojamoja, au vinavyogharimu sana, vimetolewa ndani ya nyumba na kuwekwa pamoja: mahali pa kufulia, chumba cha wageni, ukumbi, bustani, stoo ya zana. Wakazi wenyewe ndio wanaoviendesha. Jengo hilo likiitwa endelevu, maana yake linatumia ardhi, umeme, maji na mafuta kidogo kwa kila mtu anayeishi humo.

Najua utakachosema: hiyo si ni nyumba ya uani tu? Nilipanga chumba Sokomatola, wapangaji wanne kwa mita moja ya LUKU. Tulichangia sawasawa. Ikafika Juni, baridi ile ya kuamka unatoa moshi mdomoni, umeme wa wiki mbili ukaanza kuisha kwa siku tano. Siku moja nikarudi mchana, nikasikia harufu ya maharage. Jirani alikuwa ameyainjika kwenye jiko la umeme tangu asubuhi, mlango kaurudishia nusu. Hatukugombana. Tuliacha tu kusalimiana kwa miezi miwili, jambo ambalo ni baya zaidi.

Tofauti iko hapo. Uani tulishiriki kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kuwa na vyetu, na hakuna aliyetuuliza tushiriki nini. Katika makazi ya ujirani, kinachoshirikiwa huchaguliwa kabla ya msingi kuchimbwa, na kila kaya ina mita yake. Umeme wa jikoni ni siri ya mtu na sufuria yake. Taa ya ngazi na pampu ya maji ndizo za wote.

Wazo hili katika sura yake ya sasa lilikomaa Denmark. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae aliandika makala gazetini akisema watoto wapaswa kuwa na wazazi mia moja, na mwaka 1972 familia 27 zikahamia Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød, zikiwa na nyumba zao binafsi na jengo moja la pamoja. Mia wale nadhani ni wengi, lakini aliyelelewa mtaani akichapwa na mama yeyote aliyemwona akivuka barabara vibaya anaelewa. Sættedammen lakini si ghorofa wala si katikati ya jiji. Kwa hilo mfano wa karibu ni The Commons, jengo la nyumba 24 lililokamilika mwaka 2013 katika kitongoji cha Brunswick, Melbourne. Halina maegesho ya magari, kwa kuwa stesheni ya treni iko jirani kabisa. Mashine za kufulia hazimo ndani ya nyumba; kufua na kuanika ni juu ya paa. Fedha na nafasi iliyookolewa hapo iliingia kwenye ujenzi wenyewe.

Wazo hili likihamishiwa hapa, halitabaki vilevile. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Wengi wanaoongezeka wanajenga pembeni, kuelekea Uyole au Iwambi, halafu kila asubuhi wanarudi Mwanjelwa au Kabwe kwa daladala na bajaji. Ghorofa tatu au nne pale Sisimba, katikati ya jiji, zingewaweka watu karibu na soko, waende kwa miguu. Kuta zinazogusana huhifadhi joto la usiku kuliko nyumba iliyosimama peke yake. Madirisha ya sebuleni nayo yaelekezwe kaskazini, upande wa mlima Loleza, maana jua la Juni na Julai hupita huko. Kamba za kuanikia paani zinahitaji bati juu yake. Bila hilo, kuanzia Novemba hadi Aprili, shuka itakaa siku tatu haijakauka.

Sheria ipo. Tangu 2008 Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo: unaweza kuwa na hati ya nyumba yako ghorofa ya tatu, pamoja na fungu lako katika ngazi, paa na kiwanja, na wamiliki wanakuwa na chama chao chenye kanuni. Kasoro ninayoiona ni kwamba chama hicho ni cha wamiliki, na katikati ya mji wengi wetu ni wapangaji. Pampu ikiungua, anayekosa maji ni mpangaji. Anayepiga kura itengenezwe lini yuko kwake. Kanuni za jengo zisipompa mpangaji nafasi kikaoni, ujirani unabaki kwenye kibao cha getini.

Kwa hiyo dalali akikupeleka kuona ghorofa analoliita la kijamii, panda kwanza hadi juu. Ukikuta mlango wa paa una kufuli, na mlinzi hajui ufunguo uko kwa nani, hizo ni nyumba za kupanga kama zile nyingine, ila rangi ndiyo mpya.