Mwanaikolojia wa Bahari na Safari Yake ya Kwanza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hudhani kwamba anayesomea ikolojia ya bahari, yaani elimu ya viumbe wa baharini na mazingira yao, huanza na papa na nyangumi, na kwamba hapandi meli ya utafiti mpaka amalize masomo yote. Sylvia Earle, Mmarekani aliyejiunga na meli ya utafiti Anton Bruun mjini Mombasa mwaka 1964, alikuwa mtaalamu wa mwani, hakuwa bado na shahada ya uzamivu, na nyumbani alikuwa ameacha watoto wawili wadogo. Shahada hiyo aliipata mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Duke, kwa utafiti wake kuhusu mwani wa kahawia wa Ghuba ya Mexico. Uchaguzi huo haukuwa wa unyonge, kwa kuwa mwani ni chakula na maficho ya viumbe wengi wa pwani, na asiyeujua hawezi kueleza vizuri kwa nini samaki fulani wako pale walipo.

Wapo pia wanaoiona safari ya namna hii kuwa matembezi. Ni kweli kwamba Anton Bruun iliwahi kuwa meli ya anasa ya Rais Truman wa Marekani, ikiitwa Williamsburg, lakini ilikuwa imegeuzwa chombo cha kazi kwa ajili ya uchunguzi wa kimataifa wa Bahari ya Hindi. Mwani uliotolewa majini huoza upesi na kupoteza rangi, kwa hiyo anayeukusanya huutia uelee katika beseni la maji ya bahari, hupitisha karatasi chini yake, hutandaza matawi kwa brashi laini, kisha huinyanyua karatasi taratibu na kuukandamiza mpaka ukauke, huku ute wake wenyewe ukiugandisha kwenye karatasi. Asipoandika mahali, tarehe na kina, sampuli hiyo haina thamani kwa sayansi.

Dhana iliyoniuma zaidi ni ile ya kwamba meli si mahali pa mwanamke. Gazeti moja la Mombasa liliweka kichwa cha habari juu ya Sylvia kusafiri na wanaume 70, kana kwamba utaalamu wake haukustahili kutajwa. Mwaka 1970 aliongoza kundi la wanawake pekee lililoishi wiki mbili chini ya bahari, katika makazi ya Tektite kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani, wakifanya utafiti kila siku.