Maonyo ya kompaila: tunayoambizana na yaliyo kweli

"Imekompaili, haina neno." Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandika kuwa maelekezo ya mashine, ikitoa kosa, umevunja sheria za lugha. Ikitoa onyo, sheria hukuvunja, ila ulichoandika huenda sicho ulichokusudia. Tazama mstari huu wa lugha ya C:

if (salio = 0)

Ni halali kabisa. Lakini alama moja ya = haiulizi kama salio ni sifuri; inalifanya liwe sifuri, kisha sharti lenyewe linahesabiwa kuwa si kweli. Mteja amefutiwa salio, na ujumbe wa "huna salio" hautoki ng'o. GCC, mojawapo ya kompaila za C, hukuonya hapo ukiiamuru kwa swichi ya -Wall. Niliwahi kupoteza mchana mzima nikilisaka kosa la aina hii, kumbe onyo lake lilikuwa palepale kwenye skrini, limefukiwa na mengine chungu nzima niliyozoea kuyapita. Tangu siku hiyo sikubali maonyo yarundikane.

"Nimeweka -Wall, basi yote yamewashwa." Jina linapotosha, maana "all" ni "yote". Swichi ya -Wextra huongeza mengine, na hata ukiziweka zote mbili, -Wshadow (jina kufunika jingine) na -Wconversion (thamani kubadilishwa aina kimyakimya) hubaki nje. Gharama yake ilionekana mwaka 2014 kwa Apple: mstari "goto fail;" (ruka hadi sehemu ya fail) uliandikwa mara mbili mfululizo, wa pili ukawa nje ya sharti la if na hivyo ukatekelezwa daima, na ukaguzi wa saini ya kidijitali ya seva ukarukwa kwenye iPhone na Mac. Clang, kompaila nyingine ya C, ilikuwa na onyo la msimbo usiofikika, -Wunreachable-code, ila halimo ndani ya -Wall. GCC nayo ilileta -Wmisleading-indentation, onyo la mpangilio wa mistari unaodanganya jicho, mwaka 2016, katika toleo la 6.

"Onyo likisumbua, linyamazishe." Hapa naomba tutulie kidogo. Mwaka 2006, katika kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) cha Debian, mfumo mmoja wa Linux, iliondolewa mistari miwili kwa sababu Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, ililalamika kwamba inagusa kumbukumbu isiyopewa thamani. Valgrind si kompaila, lakini ugonjwa ni uleule. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya ubahatishaji kwenye ufunguo; ulipoondoka, kilichobaki kutofautisha funguo ni namba ya mchakato tu. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, uwezekano ukashuka hadi 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza upesi. Iligundulika Mei 2008, na watu wakalazimika kutengeneza funguo zao upya. Onyo lilikuwa la kweli. Dawa ndiyo iliyokosewa.

"Weka -Werror, mambo yaishe." Swichi hii hulifanya kila onyo liwe kosa. Kwenye mashine yako, sawa. Ukimpelekea mwenzako msimbo huo, kompaila yake mpya italeta onyo jipya na kazi itakwama ilhali hakuna kilichobadilika. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiwasha kwa chaguo-msingi katika kiini cha mfumo huo, na baada ya siku chache akailegeza ibaki kwa majaribio ya ukompaili.

Kama umerithi mradi wenye maonyo mia tano, usiyavamie yote kwa mpigo. Chagua aina moja, uimalize, uifunge isirudi. Mimi huanza na -Werror=return-type, inayofanya onyo hilo moja tu liwe kosa, maana fanksheni iliyoahidi jibu ikaishia bila kurudisha kitu haina udhuru wowote.