Utafiti wa wakati mmoja hauonyeshi kipi kilitangulia

Wengi huamini kwamba utafiti wa wakati mmoja, yaani ule unaowapima watu mara moja tu bila kuwafuatilia, ukikuta mambo mawili yameandamana, basi umethibitisha kuwa moja limesababisha lingine. Sivyo. Tuseme watu wazima 1,000 wamehojiwa kuhusu mazoezi na sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa ya muda mrefu), ikabainika kwamba wasiofanya mazoezi ndio wenye sonona zaidi: huenda kukosa mazoezi kumechangia ugonjwa, lakini huenda vilevile ugonjwa ndio uliowaondolea hamu ya mazoezi, na dodoso lililojazwa mara moja haliwezi kutenganisha hayo mawili. (Umri hauna utata huo, kwa kuwa maradhi hayabadilishi mwaka wa kuzaliwa.)

Kosa jingine, ambalo kwangu ndilo linalopotosha zaidi, ni kudhani kuwa wagonjwa waliokutwa siku ya upimaji ni wagonjwa wapya. Idadi yao hutegemea pia muda ambao watu huishi na ugonjwa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hurefusha maisha, hivyo asilimia ya wanaoishi na virusi inaweza kupanda ilhali maambukizi mapya yanapungua. Ugonjwa unaoua haraka, kwa upande wake, huonekana kuwa wa watu wachache, maana waliokufa hawapo wa kuhojiwa.

Hata hivyo, si haki kuudharau utafiti huu, kwani anayetaka kujua ni watu wangapi wanahitaji matibabu ya shinikizo la damu sasa hivi atapata jibu lake humo, mradi sampuli, yaani watu waliopimwa, iwe imeteuliwa kwa nasibu, bila upendeleo.