Saikolojia ilitoka wapi, na inamsaidiaje mgonjwa leo? Maswali na majibu

Mimi natafuta nafuu. Historia ya saikolojia ya nini?

Maswali utakayoulizwa na mshauri nasaha yametoka humo. Mmoja atataka kujua ulivyolelewa. Mwingine atakupa daftari uandike mawazo yanayokujia huzuni ikikushika. Wa tatu atakutaka usogelee polepole kitu unachokiogopa. Hawabahatishi, kila mmoja anafuata mkondo wenye asili yake, na mgonjwa anayelijua hilo hakati tamaa upesi wala haondoki akidhani amepotezewa muda.

Ni elimu ya Wazungu tu?

Hapana. Abu Zayd al-Balkhi, msomi Mwislamu kutoka Balkh, katika Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akisikitika kwamba matabibu walishughulikia mwili na kuisahau nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu ya wazi.

Kama sayansi ya maabara, saikolojia huhesabiwa tangu 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, akapima mambo kama muda anaochukua mtu kuitikia mlio au mwanga. Mwanafunzi wake, Edward Titchener, alikwenda kufundisha Marekani, akataka kuigawa akili vipande vipande ili aone imeundwa na nini. William James wa Harvard, katika kitabu alichotoa 1890, aliuliza jambo jingine: akili inamfaa nini binadamu katika maisha yake? Kwa mtu anayeumwa, naona swali la James ndilo lenye uzito.

Freud bado anafuatwa?

Kwa sehemu. Sigmund Freud wa Vienna aliamini kwamba mengi yanayotusukuma yamefichika hata kwetu wenyewe, na kwamba ya utotoni hayafutiki kirahisi. Mwaka 1895 yeye na daktari mwenzake, Josef Breuer, walichapisha kitabu kilichomweleza mgonjwa wa Breuer waliyemwita Anna O. Mwanamke huyo ndiye aliyeiita njia ile tiba ya kuzungumza. Ni haki jambo hilo likumbukwe: jina la tiba lilitoka kinywani mwa mgonjwa.

Madai mengi ya Freud hayakuthibitika, na mengine hayapimiki kabisa. Kilichobaki ni desturi ya kumpa mgonjwa muda wa kutosha na kumsikiliza bila kumkatiza.

Naogopa kupanda gari tangu nipate ajali. Kuna mkondo unaohusu hofu?

Upo, ni mkondo wa tabia. Ivan Pavlov, Mrusi, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia ishara fulani kabla ya kulishwa hudondokwa mate akiisikia tu ishara hiyo. Mwaka 1913 John Watson wa Marekani akatangaza kwamba saikolojia ichunguze tabia inayoonekana, iachane na habari za ndani ya nafsi. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walieleza jinsi walivyomfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo kila alipomgusa. Hawakumwondolea hofu hiyo. Lilikuwa kosa kwa mtoto yule, na leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jambo kama hilo.

Anayestahili kutajwa zaidi ni Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alieleza alivyomtibu mtoto aitwaye Peter, aliyeogopa sungura. Peter alipokuwa akila chakula anachokipenda, sungura aliwekwa mbali, kisha akasogezwa kidogo kidogo, bila kumharakisha mtoto. Mwishowe Peter alimshika sungura mwenyewe. Miongo mitatu baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliwafundisha wagonjwa kulegeza mwili huku wakiikabili hofu hatua kwa hatua.

Kwako inaweza kuanzia kutazama magari kituoni, baadaye kukaa ndani ya gari lililosimama, halafu safari fupi na mtu unayemwamini. Fanya hivyo ukiongozwa na mtaalamu, hasa kama ajali inakurudia ndotoni.

Nikimbeba mtoto kila anapolia, nitamdekeza?

Jibu la swali hili lina mizizi Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alifika Kampala mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda vijijini, akiwatazama mama na watoto wao. Aliona mtoto anayemwamini mama hujitenga kidogo kwenda kucheza, humtupia jicho, akishtuka humrudia, akishatulia huondoka tena. Aliona pia kwamba utulivu huo ulikwenda pamoja na mama anayemjua mwanawe vizuri na kuelewa anachotaka. Matokeo aliyachapisha 1967, na pamoja na kazi ya John Bowlby wa London yakawa msingi wa elimu ya mshikamano wa mtoto na mlezi, inayofundishwa dunia nzima, mara nyingi bila akina mama wale kutajwa. Kwa hiyo mbebe. Mtoto mchanga anayeitikiwa hujifunza kwamba ana pa kukimbilia.

Na wale wanaosema "badili fikra zako"?

Huo ni mkondo wa Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani. Alisomea njia ya Freud, iliyofundisha kwamba mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, amejigeuzia hasira yake mwenyewe. Beck alipochunguza ndoto na maneno ya wagonjwa hakuikuta hasira hiyo. Alikuta fikra za haraka zinazojirudia: sifai, nitashindwa, hakuna wa kunijali. Tangu miaka ya 1960 akawafundisha kuzinasa, kuziandika na kudai ushahidi wake. Hakuna anayekulazimisha ufurahi.

Kabla yake Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa amesisitiza kwamba mshauri amheshimu mgonjwa na kumkubali bila masharti. Ukikosa heshima hiyo, tafuta mshauri mwingine.

Elimu hii ilituheshimu Waafrika?

Si mara zote. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika chapisho la Shirika la Afya Duniani, kwamba ubongo wa Mwafrika hautumiki kikamilifu sehemu ya mbele, na kwamba sonona ni nadra kwetu. Ulikuwa uongo uliovalishwa koti la daktari, na wengi waliachwa wateseke kimya.

Ukweli umepimwa. Utafiti uliochapishwa 2003 kutoka vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, ulionyesha sonona ikipungua sana kwa waliokutana katika vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Zimbabwe nako, tangu 2006, mabibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti wa 2016 ulithibitisha kwamba inasaidia.

Niende lini, na dawa niache?

Huzuni, hofu au kukosa usingizi vikizidi wiki mbili na kukuzuia kufanya kazi au kula, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kujiua yakikujia, au ukiona mtu anayasema, nendeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Dawa uliyoandikiwa usiiache kwa uamuzi wako. Mazungumzo na dawa vinaweza kwenda pamoja, na anayepunguza dozi ni daktari.