Bosi wa Navy ya Kenya si admirali

Juzi kwa matatu ya 46, tukipita Hurlingham karibu na Ulinzi House, makao makuu ya jeshi, jamaa mmoja akasema eti mkuu wa Navy, yaani jeshi la majini, ni admirali (cheo cha juu cha wanamaji), maisha yake ni melini Mombasa tu, kuongoza jeshi lote hawezi. Hapana jamani, hapo ametupotosha.

Navy yetu, iliyoundwa Disemba 1964, inatumia vyeo vilevile vya jeshi la nchi kavu, kwa hivyo kamanda wake ni Meja Jenerali, si kama Uingereza ambako hadi 2025 aliyeongoza alikuwa admirali kweli. Makao ni Mtongwe, Mombasa, lakini afisa akipanda anaacha usukani taratibu, kazi inakuwa bajeti, mafunzo, mipango ya meli, na vikao vingi huku Nairobi. Na ni rais anayemteua, wala haji tu kwa zamu.

Kuhusu kuongoza jeshi lote, mwangalieni Samson Mwathethe. Alikuwa kamanda wa Navy, akawa naibu mkuu wa majeshi, halafu 2015 akavaa ujenerali kamili na kuongoza KDF yote, yaani majeshi yote ya Kenya, hadi 2020, mwanamaji wa kwanza kufika hapo. Mimi hilo linanifurahisha sana.