Je, wajua sukari ipi huhesabiwa kuwa ya kuongezwa?

Geuza kopo la unga wa maziwa katika duka lolote la Darajani, Unguja, usome nyuma yake: kila gramu 100 zina karibu gramu 38 za sukari. Wengi hushtuka. Lakini ikiwa ni maziwa matupu, hapo haikutiwa hata chembe. Hiyo ni laktosi, sukari ya maziwa yenyewe, iliyobaki baada ya maji kukaushwa. Maziwa mazito ya kopo yana karibu gramu 55, na nyingi kati ya hizo zimetiwa kiwandani.

Mstari wa sukari kwenye lebo hujumlisha sukari zote mbili, ya asili na ya kuongezwa. Marekani ilipitisha kanuni mwaka 2016 ya kuitenga ya kuongezwa kwa mstari wake. Makopo mengi ya madukani kwetu hayana mstari huo, kwa hiyo inabidi usome orodha ya viambato.

Sukari ya kuongezwa ni ile iliyotiwa wakati chakula kikitengenezwa: nyeupe, guru, glukosi, dekstrosi, shira ya mahindi. Asali ya Pemba nayo, kwa usafi wake wote, ikitiwa kwenye biskuti huhesabiwa. Tende ya kufuturia haimo, ijapokuwa ni tamu mno, kwani sukari yake imo ndani ya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi. Ikamue shira, uitie kwenye keki, na sasa imo.

Shirika la Afya Duniani hulitazama jambo hili kwa upana zaidi. Huzungumzia sukari huru, yaani ile ya kuongezwa, na humo huingiza hata ya juisi ya matunda isiyotiwa kitu. Juisi ya miwa ya Forodhani haikwepi. Mwongozo wake wa 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikipungua chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko sita vya chai. Soda ya mililita 330 yenye gramu 10.6 kwa kila mililita 100 ina gramu 35. Chai ya asubuhi bado hatujaihesabu!

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Kiwanda cha biskuti kikigawa sukari kwa aina tatu, kila moja hushuka chini ya orodha na unga ukabaki juu. Zijumlishe zote kabla hujamnunulia mtoto.