Lango la ngome katika miji ya bastide

Lango la ngome ni mlango mkuu wa mji wenye ukuta, uliojengwa kwa kuingilia na kwa kupigania pia. Ukuta mnene hauvunjiki kwa urahisi, ila watu, mikokoteni na mifugo sharti wapite mahali. Uwazi huo ndio uliowindwa na adui, na ndio maana mafundi waliurundikia minara, mawe makubwa na walinzi.

Kusini-magharibi mwa Ufaransa malango haya yamo katika bastide, miji mipya iliyopimwa na kugawanywa viwanja kabla ya wakazi kuhamia, hasa katika karne ya 13 na ya 14. Barabara zake hunyooka na kukatana, soko likiwa katikati. Mingi ilianza bila ukuta wowote, kwani mkulima alivutwa na kiwanja na nafuu ya kodi. Ukuta ulikuja baadaye, hofu ya vita ilipozidi, na malango yakawekwa pale barabara kuu zilipotokea nje. Monpazier, ulioanzishwa na mfalme Edward I wa Uingereza katika miaka ya 1280, bado unauonyesha mpango huo vizuri.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nene, ukikomewa kwa boriti. Mbele yake mara nyingi palikuwa na wavu mzito uliopandishwa na kuteremshwa ndani ya mifuo iliyochongwa ukutani. Mifuo hiyo mara nyingi ndiyo iliyobaki. Siku za amani kazi ilikuwa ya kawaida tu: kufunga usiku, kufungua asubuhi, kutoza ushuru wa bidhaa.

Lango lililo mashuhuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Porte des Tours la Domme, mji ulioanzishwa na mfalme Philippe III wa Ufaransa mwaka 1281 juu ya jabali kando ya mto Dordogne. Minara miwili ya nusu duara imelibana huku na huku. Ndani yake kuna misalaba na michoro iliyochongwa ukutani, inayohusishwa na mashujaa wa Hekalu (Templars), watawa wapiganaji wa Kikristo, waliofungwa humo baada ya kukamatwa mwaka 1307.

Upande wa jabali, wenyeji waliuachia mwinuko ulinzi. Mwaka 1588, katika vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, Geoffroy de Vivans, kamanda wa Kiprotestanti, alipanda huko usiku na watu wachache, wakaufungua mji kutoka ndani, na jeshi lake likaingia kupitia malangoni.